Kifaa Namba Ishirini na Nne

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili lilikuwa la kumbukumbu za lifti. Kurasa nne ziliandikwa, kisha likasahauliwa kabatini miaka kumi. Sasa ni langu. Uzuri wake: fundi akionekana ameinamia daftari lenye jalada gumu, kila mtu hudhani anasoma mita. Hakuna anayeuliza.

Leo kikao. Meneja ametangaza kwamba jengo letu linaomba cheti. Cheti cha Jengo la Kijani na Ustawi! Kinatolewa kwa majani, jani moja mpaka matano. Jengo la ng'ambo ya barabara wamepata manne na wametundika kibao mlangoni, na tangu Meneja akione hana raha. Tena kampuni ya bima, iliyopanga ghorofa tatu za juu, imemwandikia kwamba mkataba wao ukiisha hawatakaa kwenye jengo lisilo na cheti. Kwa hiyo sisi tunataka majani matano. Si manne. Matano!

Kaja na mshauri. Binti mpole, viatu vyake havitoi sauti, na neno lake ni "ustawi". Ustawi wa macho, ustawi wa mgongo, ustawi wa usingizi — usingizi, ofisini! Nilihesabu mara kumi na tisa nikaacha. Kufika mchana wafanya usafi walishambatiza Dada Ustawi, na Meneja akawa Bwana Majani. Aliyetoa majina yote mawili namjua. Nimemuoa miaka ishirini na sita.

Ndiye msimamizi wa wafanya usafi. Mama Pacha. Yeye na wenzake sita wako chini kabisa, chini ya ardhi, pembeni ya maegesho ya magari, kwenye chumba cha matambara. Huko ndiko wanakofua madekio, wanakochanganya sabuni, wanakobadili nguo, wanakokula. Dirisha hakuna.

Jumatano, 4 Juni

Nimeamriwa kupunguza kasi ya lifti. Naapa! Miaka kumi na minne natukanwa kwa sababu lifti inachelewa, leo naambiwa niicheleweshe zaidi, watu wachoke kungoja, wapande ngazi. Kupanda ngazi ni pointi mbili.

Na ngazini tumebandika maneno ya kutia moyo. Ghorofa ya tatu: "Moyo wako unakushukuru." Ghorofa ya sita: "Karibu unafika!" Uongo, jengo lina ghorofa tisa. Mhasibu wa bima, mtu wa kilo mia na ushee, nimemkuta amekaa chini ya "Moyo wako unakushukuru" anahema. Vipi, mzee? Akasema yuko pale anangoja kushukuriwa.

Mchana, ukuta wa mimea. Ukumbini, mita nne kwa tatu, majani hai yanayonyweshwa kwa mipira. Pointi nne kwa mpigo! Ili ukae vizuri ilibidi kuziba tundu la hewa nyuma yake. Niliuliza tundu lile linatoka wapi. Michoro haionyeshi. Meneja akasema kama halimo kwenye mchoro, basi halipo. Haya. Nimeliziba kwa mikono yangu, bati na silikoni. Kazi safi, hata yeye alisifu.

Ijumaa, 6 Juni

Vifaa vya kupima hewa vimefika. Viboksi vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni, na kitaa kimoja usoni. Kijani ni hewa njema, njano ni shaka, nyekundu ni hatari. Dada Ustawi alitufundisha: kifaa hakikurupuki. Kinapima kwa dakika kumi, ndipo kitaa kinabadilika. Ukikitoa chumba kimoja ukakipeleka kingine, kwa dakika kumi bado kinaonyesha hewa ya kule kilikotoka.

Nilipomsimulia Mama Pacha tukiwa tunakula, akacheka. Akasema kumbe ni kama mwanamume aliyerudi safari, mwili umeshafika ila akili bado iko huko. Akacheka mpaka akakohoa. Akakohoa mpaka akaweka kijiko chini.

Anakohoa tangu feni ya kule chini ilipokufa, mwaka juzi. Nimeomba feni mpya mara tano. Bajeti ijayo. Bajeti ijayo! Mchoro wa vifaa unataka ishirini na tatu, na kwenye kasha vimo ishirini na vinne. Cha akiba. Ningekirudisha stoo. Sikukirudisha. Nimekwenda kukifunga ukutani kwenye chumba cha matambara na nikakisajili kwenye mtambo kama vingine: "24, Chumba cha Matambara." Mimi nimeshachoka kusema, acha kiseme chenyewe.

Jumatatu, 9 Juni

Kimesema.

Skrini kubwa imewashwa ukumbini, pembeni ya ukuta wa mimea. Ina picha ya jengo, na juu yake maandishi: "Watumiaji 412. Tunapumua vizuri!" Vidoa ishirini na vitatu vya kijani. Na kule chini kabisa kimoja chekundu, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Mlinzi alinipigia simu kuuliza kama kuna moto.

Mama Pacha alikuwa anadeki hapohapo. Akasimama na dekio lake, akatazama. Kumbe sisi ndio moto wenyewe, akasema.

Jioni nilishuka na tochi nikapanda darini. Nilifuata bomba la hewa la chumba chao. Linapanda moja kwa moja, linapinda mara moja, linatokea ukumbini nyuma ya ukuta wa mimea. Ni lile tundu. Feni ilipokufa bado kulikuwa na pumzi kidogo iliyokuwa inapita yenyewe. Hiyo kidogo ndiyo niliyoiziba Jumatano. Bati langu, silikoni yangu.

Jumanne, 10 Juni

Ofisini kwa Meneja. Kanikaribisha kiti, kaniita "injinia". Nikajua leo navishwa kilemba cha ukoka.

Nikamwambia dawa ipo: tubomoe kipande cha ukuta wa mimea, nifungue tundu, niweke feni. Siku moja tu. Akasema ukuta ni pointi nne, bila huo ukuta tunapata majani manne kama wale wa ng'ambo. Nikasema basi nikiondoe kifaa. Haiwezekani! Kimeshasajiliwa, na taarifa zake zinakwenda zenyewe kwa wanaotoa cheti kila saa. Kukifuta lazima uandike barua ya sababu, na sababu yetu haiandikiki.

Nikasema, Meneja, mle wanafanya kazi watu.

Dada Ustawi akafungua tableti yake, taratibu, kama anayetafuta mstari wa sala. Akasema kile kwa taratibu za cheti si chumba cha watu, ni stoo. Na wale si watumiaji wa jengo, wako chini ya mkandarasi wa usafi. Watumiaji ni mia nne na kumi na wawili.

Na mimi je, nimo?

Wewe umo, Fundi, akasema, akatabasamu.

Nikafurahi. Naandika ili nisijifanye nimesahau: nilifurahi.

Ndipo Meneja akasema kifaa hakina macho, hakijui kiko wapi. Kikikaa kwenye bustani ya ghorofa ya tisa, kwenye upepo, kitasema kijani, na jina lake litabaki lilelile. Halafu akanikumbusha mkataba wangu. Wa mwaka mmoja mmoja, miaka kumi na minne sasa. Kila Desemba naomba upya kama mgeni. Tukipata majani matano, akasema, barua yako ya ajira ya kudumu naichapa mwenyewe.

Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Jumatano, 11 Juni

Nimekihamisha, saa kumi na mbili asubuhi. Wafanya usafi huingia saa moja.

Pale ukutani yalibaki matundu mawili ya skrubu, na Mama Pacha ana jicho, angeona. Nilikuwa nimejiandaa. Jana nilitoa kwenye droo ya nyumbani kasha la kengele ya mlango wetu wa zamani, jeupe, ukubwa uleule, nikalificha kwenye mfuko wa chakula. Nikatia betri na kitaa cha kijani, nikalifunga hapo. Haliwezi kupima hata mvuke wa chai.

Sina zaidi ya hayo.

Alhamisi, 12 Juni

Skrini nzima kijani. Meneja amepiga picha mbele yake, kidole gumba juu.

Na Mama Pacha! Amewatangazia wote, mpaka mlinzi, mpaka wapokea wageni: chumba chetu kimepona! Tumshukuru Mungu na fundi wetu. Wenzake wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke, nikakumbuka kwamba tayari niko chini ya ardhi.

Kile kiboksi anakifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini, kile cha vioo. Jambo moja sikulielewa. Saa ya kula amewatoa wenzake wote nje, eti wakapate jua. Wao wamekwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Yeye kabaki ndani peke yake na sahani yake, kaigeukia kengele. Nikamwuliza kwa nini na yeye asitoke. Akasema, nitoke niende wapi, Baba Pacha, na hewa yote nzuri umeniletea humu?

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya vituko.

Asubuhi, fomu za furaha. Kila mtumiaji wa jengo ajaze anafurahi kiasi gani, moja mpaka kumi. Wafanya usafi hawakupewa, ila wao ndio waliokusanya fomu zote na kufagia zilizoanguka. Mama Pacha kaniomba ya kwangu asome. Mimi nilikuwa nimeandika nane. Akairudisha, akasema mashallah, wewe una bahati.

Mchana wavutaji sigara wa kampuni ya bima walipanda bustanini ghorofa ya tisa, wakavuta wakiwa wameegemea Kifaa 24. Skrini ikaonyesha njano: Chumba cha Matambara! Meneja akakimbilia lifti. Lifti ndiyo hiyo tuliyoichelewesha. Akapanda ngazi mbio, ghorofa tisa, moyo wake ukimshukuru njia nzima. Alipofika juu hakuweza kusema, alikuwa anawaonyesha tu kwa kidole watoke.

Nyumbani Mama Pacha akaanza, taratibu, huku anakunja nguo. Leo chumba chetu kilikuwa njano kwenye skrini saa saba na robo. Saa hiyo nilikuwemo peke yangu, nimekaa tu. Sijui nilifanya nini.

Nikasema labda ulipasha kitu.

Kwa moto gani, Baba Pacha? Wa ndoo?

Nikaenda kuangalia bomba la jikoni. Halikuwa na tatizo. Nililifungua hivyohivyo, nikalifunga tena.

Alhamisi, 19 Juni

Amekohoa tangu saa kumi na moja alfajiri. Amekwenda kazini. Nimemwambia apumzike, akasema nani atakifuta kifaa chako.

Jumamosi, 21 Juni

Zahanati. Nilimsindikiza.

Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, mbele, nyuma, tena mbele. Akauliza mama, unapikia kuni? Hapana. Kuna anayevuta sigara nyumbani? Hapana. Unafanya kazi wapi?

Mama Pacha akajibu kwa sauti ya kumsomea mtoto: mahali pa hewa safi, daktari. Imepimwa. Kifaa kiko ukutani, kijani kutwa nzima, na aliyekifunga ni huyu mume wangu.

Daktari akanigeukia. Hongera, akasema, na alimaanisha.

Nikasema asante.

Kampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Kasema kifua hiki ni cha mtu anayeishi na moshi. Moshi huo unakotoka kujulikane mapema, mama, kifua kikishachakaa hakishonwi. Kama ni kazini, uhame chumba hicho. Kama si kazini, basi tutafute kwingine. Akaandika "kwingine". Nimeona kwa macho yangu. Ameandika, kwa sababu yangu, atafutwe ugonjwa mwingine.

Jumapili, 22 Juni

Nimejaribu kumwambia mara tatu.

Mara ya kwanza nikasema: chai ina sukari? Mara ya pili nikasema: watoto wamepiga simu? Mara ya tatu aliniangalia moja kwa moja, akangoja, nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikasema mlango wa bafu unahitaji grisi.

Utie basi, akasema.

Mwoga mimi. Baba mtu mzima, wa watoto wawili walioajiriwa, mwoga kama kuku aliyenyeshewa.

Jumatano, 25 Juni

Mkaguzi wa cheti anakuja Jumatatu. Jengo zima limepagawa.

Maegesho ya baiskeli yanatakiwa yaonekane yanatumika. Meneja amekodi baiskeli sita. Mbili hazina pumzi, na moja ni ya mtoto. Mlinzi ameambiwa azipange "kwa mtindo wa watu walio na haraka".

Ukuta wa mimea unakufa. Mpira mmoja uliziba, kipande cha kati chote kikakauka. Meneja kanunua ya plastiki. Nimeichomeka mwenyewe, vichane thelathini na nane. Mlinzi ameambiwa Jumatatu asubuhi aipulizie maji ing'ae, pamoja na ya kweli. Kwa hiyo nimeziba pumzi ya mke wangu ili plastiki ipate pa kukaa. Nimelisema hili kwa sauti, peke yangu, juu ya ngazi. Hakuna aliyesikia ila plastiki.

Halafu mpango. Mkaguzi hupitia vifaa vyote kimoja kimoja, hata vya stoo, alimradi vimesajiliwa. Kwa hiyo akiwa anakunywa chai kwa Meneja, mimi nakitoa Kifaa 24 bustanini, nakirudisha chini, nakifunga pale pake. Kitabaki kijani dakika kumi, kwa sababu ya ile subira yake. Tunaingia, anatazama, anaandika. Meneja kasema: dakika tano, Fundi, sita zikizidi. Kisha wewe unasema twende tukaone mitambo ya maji. Neno hilo ni lako, wewe ndiye fundi, ukisema twende mgeni ataenda.

Akavuta droo akanionyesha barua. Imeshachapwa. Jina langu limeandikwa bila kosa, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Sahihi ataweka Jumatatu mchana, mgeni akishaaga.

Ijumaa, 27 Juni

Njia ya mwongo fupi, walisema wa zamani. Yangu ina ghorofa kumi, ukitia na ya chini ya ardhi, na naipanda na kushuka kila siku.

Amevuta dawa mara nne leo. Kopo limeandikwa mara mbili tu.

Jumatatu, 30 Juni

Saa 1:10 asubuhi. Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma.

Niliwahi ili nitoe kengele ukutani mapema, saa nne nisihangaike. Nimefungua mlango wa chumba cha matambara — taa inawaka. Mama Pacha yumo. Nilimwacha nyumbani anavaa, nikadhani atakuja saa moja kama kawaida, kumbe kanifuata na gari la nyuma yangu. Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sare mpya, kilemba kipya. Kengele iko mapajani mwake, juu ya kitambaa cha vioo kilichokunjwa.

Hakupandisha sauti. Akanigeuzia ubavu wa kile kiboksi. Kuna doa la rangi ya samawati, dogo kama punje ya dengu. Akasema: hili ulilitia wewe, siku unapaka rangi mlango wetu, wakati pacha wanatambaa. Nilikuambia ufute kabla halijakauka, ukasema halionekani.

Nikauliza tangu lini unajua.

Tangu siku ya kwanza nilipokifuta.

Mbona hukusema?

Akasema: kengele ni ya nini, Baba Pacha? Nimebonyeza karibu wiki tatu. Nikikaa humu nikala peke yangu, nabonyeza. Kwa daktari nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma. Nilikuwa nangoja mwenye nyumba afungue.

Nilikaa chini, kwenye sakafu yenye maji. Nikamwambia yote. Bati, silikoni, bustani, barua. Sikumficha kitu, hata kwamba nilifurahi kuambiwa nimo. Nililia, na sioni aibu kuandika. Yeye hakulia. Alikohoa, akavuta dawa, akaniuliza leo wanafanyaje. Nikamweleza mpango: cha kweli kitarudi hapa saa nne na nusu, kitakaa kijani dakika kumi, na Meneja anataka sita.

Na wewe unataka ngapi?

Wenzake walikuwa wanaingia. Nikatoka nikaja kukaa hapa ngazini.

Saa 4:10. Mkaguzi kafika. Mzee mfupi, penseli sikioni, mwendo wa pole. Kakataa lifti. Kapanda ngazi, anasoma kila neno la kutia moyo mpaka mwisho, anasimama kupumzika palepale. Ukutani kashika jani moja. La kweli, kwa bahati. Baiskeli ya mtoto kaitazama sana, kauliza mwenye hii yuko ghorofa ya ngapi. Meneja akacheka peke yake.

Saa 4:31. Wako kwenye chai. Nimekitoa bustanini, nimeshuka nacho kwa lifti. Imechukua muda wake, kama nilivyoifundisha.

Saa 4:34. Nimekifunga. Kijani. Meneja yuko mlangoni na mgeni tayari.

Tuko ndani wanne: Mkaguzi, Meneja, mimi, Mama Pacha. Dada Ustawi amebaki nje, kuna gari linawashwa na hapendi moshi. Naandika nimesimama, Meneja anadhani najaza usomaji, anatikisa kichwa kunisifu.

Dakika ya pili. Mkaguzi kakitazama kifaa, kaandika. Kanusa. Kauliza humu wanakaa watu wangapi. Meneja: hii ni stoo tu, mzee, watumiaji wetu wote ni mia nne na kumi na wawili. Mama Pacha kasema shikamoo. Marahaba. Kasema: ni mia nne na kumi na tisa, baba, ukitutia na sisi. Akageuza ndoo ya pili, akaifuta. Karibu ukae.

Na mzee kakaa!

Dakika ya nne. Kamwuliza, mama, uko humu tangu lini. Mke wangu akianza hadithi huanza tangu mbegu. Kaanza na siku alipopewa ufunguo. Kaeleza nani alikuwa msimamizi kabla yake na alikuwa mtu wa namna gani. Sijawahi kumsikia akisema polepole hivi. Anatulia katikati ya sentensi, anakohoa, anaomba radhi, anarudi nyuma kidogo.

Dakika ya sita. Meneja kakohoa. Kikohozi cha kuniashiria. Lakini hakikukoma. Kaendelea, kaegemea ukuta, macho mekundu, kitambaa mdomoni. Mzee kampa pole.

Dakika ya saba. Meneja kapata sauti. Fundi! Mgeni ana haraka, mitambo ya maji haijaonwa!

Wote wananitazama. Mzee ameshashika goti, anasubiri nimwambie twende. Mama Pacha hanibembelezi kwa macho, hanitishi, ananingoja tu, kama alivyoningoja wiki zote hizi. Barua iko kwenye droo, ghorofa ya pili, haina sahihi.

Nimesema: maji hayaendi popote, mzee. Mama Pacha, mweleze na ile ya feni.

Tangu mwanzo? kaniuliza.

Tangu mwanzo.

Kavuta ndoo yake karibu na ya mzee. Mwaka juzi, baba, kasema, mwezi kama huu, siku ya kwanza feni iliyumba kidogo tu, ikalia hivi… Mzee ametoa penseli sikioni. Meneja amekuja mlangoni, anataka kupita, ananiangalia kama hanijui. Dakika ya tisa. Kitaa bado ni cha kijani. Mlango umefungwa, na mimi ndiye niliyeuegemea.